Viazi Vilishuka, Mkokoteni Ulipanda

Mgwashi,
Alhamisi, baada ya shule.

Kaka yangu Nikodemo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na huo mkono wako uwe umeanza kukunjuka bila kukuliza. Jua la huko Mnazi halina mzaha na wewe hukulizoea, kwa hiyo Mama anauliza kama unakunywa maji ya kutosha, na kama mjomba ameacha kukohoa. Sisi huku juu hatujambo. Ukungu umetukalia wiki nzima, maharage yamegoma kukauka, na Baba analisema goti lake kila asubuhi halafu anachukua jembe anakwenda shamba na goti hilo hilo. Mpwa wako Heri ameota meno mawili ya juu. Anauma kijiko, anauma kona ya benchi, anauma bega langu. Halali vizuri, na asipolala yeye silali mimi. Juzi nimekwenda shule nimevaa sweta ndani nje, na hakuna aliyeniambia mpaka mapumziko ya chai, kumbe wenzangu walikuwa wanacheka tangu mstarini.

Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimeshika kalamu. Abubakari anateremka huko kesho na lori la kabichi, na ameahidi kukupa wewe mwenyewe, si mjomba wala mtu mwingine. Nakuomba uisome yote, hata ukifika mahali ukatamani kuikunja.

Nianze na yaliyotokea baada ya wewe kuondoka, maana uliondoka mapema, kaka. Uliondoka kabla plasta ya mguu wa Idrisa haijakauka.

Trafiki hawakuitwa kuja kupima ajali yenu. Watu walisema jambo la watu wa kijiji kimoja limalizwe na kijiji. Mwenyekiti Athumani akaitisha kikao pale ofisini, na kwa kuwa wewe ulikuwa umeshamweleza yako kabla ya kusafiri, aliyasimulia yeye kwa niaba yako: kwamba ulikuwa unapanda kutoka bondeni kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwamba ulipiga honi kabla ya kona ya mkaratusi, na kwamba mkokoteni wa Idrisa ulikujia kwa kasi, umekatika breki, ukakuvaa. Kisha Idrisa aliulizwa. Masikini, yeye hana la kusema. Anakumbuka alivyokuwa anafunga kamba kwenye magunia kule shambani, halafu anakumbuka dari ya hospitali. Katikati hapo hakuna kitu. Aliyesema akawa mmoja, na mwingine hana hata neno la kumbishia.

Unamjua mwenyekiti Athumani, hapendelei mtu, hata mkwewe alishamtoza faini kwa kuchunga mbuzi kwenye miche ya shule. Alihukumu kwa kanuni tuliyokua nayo sote: anayeshuka humpisha anayepanda. Akakumbusha ilikotoka, kwamba mama zetu walipanda njia hizi na kuni kichwani na mtoto mgongoni, na anayepanda akisimamishwa katikati ya mlima hawezi tena kuondoka, lakini anayeshuka ana nafasi ya kujibana ukutani. Wazee wote waliitikia. Halafu mtu mmoja akaleta habari ya viazi. Alisema viazi vya Idrisa vilikutwa chini kabisa, mpaka kwenye mfereji wa kwa kina Stephano, na mzigo hauwezi kufika kule kama haukuja kwa kasi. Watu wakasema kweli, viazi vimetoa ushahidi. Mama alitania kwamba ni mara ya kwanza kiazi kuitwa shahidi na kisile kiapo, na kikao kikacheka.

Uamuzi ukawa hivi. Mkokoteni wa Idrisa usiguse barabara tena. Na Jumapili hii, baada ya ibada, Idrisa aje nyumbani kwetu na wazee wake, akae kwenye mkeka mbele ya Baba, aombe radhi kwa kutaka kumuua mtoto wake. Idrisa alikubali bila kubisha. Alilia, kaka. Mwanamume mzima ameshika magongo yake, analia, anasema anamshukuru Mungu hukufa, maana asingeweza kuishi na jambo hilo.

Nami nilifurahi. Sitakuficha. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikisema moyoni kwamba kaka yangu amekuwa safi mbele ya watu.

Sasa nikupeleke shuleni kidogo, uvumilie. Wewe ndiye uliyenirudisha, kwa hiyo una haki ya kujua kinachofundishwa. Baba alipokuwa anasema msichana akishazaa shule imekwisha, wewe ulimjibu kwamba Jenoveva amezaa mtoto, hajazaa ubongo, na serikali yenyewe imeruhusu, yeye ni nani wa kukataza. Ukanipeleka kwa pikipiki yako kila asubuhi, mvua na ukungu, mpaka wenzako wa kijiweni wakakuita dereva wa mheshimiwa. Nayakumbuka hayo kila ninapokaa kwenye dawati, na niliyakumbuka zaidi siku ninayotaka kukusimulia.

Mwalimu wetu wa fizikia, Mwalimu Aron, yule mfupi anayevaa kofia ya sufu hata darasani, alituletea somo la migongano. Anatakiwa afundishe kwa Kiingereza, lakini akiona macho yetu yamekufa anachungulia mlangoni, akiona mkuu wa shule hayupo anageuza Kiswahili. Alikuja na magari mawili ya makopo, yale wanayotengeneza watoto, akayapaka gundi ya mti puani, akayasukuma yagongane mezani yakanata. Akasema kila kinachokwenda kina momenta, nayo ni tungamo lake mara mwendo wake. Sisi tunasema uzito, yeye hukasirika. Akasema vitu vikigongana vinaweza kupinda, kuvunjika, kupiga kelele, lakini ukijumlisha momenta ya vyote kabla ya kugongana, na ukijumlisha baada ya kugongana, jumla ni ile ile. Haipotei. Na akasisitiza jambo moja: mwelekeo una alama yake. Ukichagua kushuka kuwa chanya, basi kupanda ni hasi, na vikinata pamoja vinaelekea upande wa kile kilichokuwa na momenta kubwa.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kila mmoja alete mgongano anaoujua, aufanyie hesabu. Mmoja alileta mbuzi wawili wa bibi yake. Mwingine akaleta mpira uliompiga mkuu wa shule mgongoni, na Mwalimu akamuuliza kama anataka tuufanyie hesabu au tumtaje aliyepiga. Mimi nilileta wa kwako.

Nilitaka kukutetea, kaka. Huo ndio ukweli wangu. Watu wamekwishakuhesabia haki kwa desturi, nami nikataka nikuhesabie haki kwa fizikia, ili hata akija mtu wa mjini asiweze kubisha. Nilifanya hesabu jikoni nikisubiri uji uchemke, Heri ananivuta sketi. Mkokoteni na magunia yake matatu ya lumbesa nikauweka kilo mia tano. Mwendo wake nikauweka mita moja tu kwa sekunde, mwendo wa mtu anayezuia mzigo, ili wasiseme nimemwonea Idrisa. Nikasema kasi nitamwongezea baadaye. Pikipiki na wewe na lile kreti la soda, kilo mia mbili. Mwendo wako nikauweka kama ulivyosema mwenyewe, wa mtu anayetembea, nikaongeza kidogo ili wasiseme nimekupendelea: mita mbili. Yeye mia tano kushuka. Wewe mia nne kupanda. Jibu likaja zuri: inabaki mia moja, na inashuka. Maana yake mlinata, mkashuka kidogo, mkasimama. Nikapiga mstari chini ya jibu.

Uji ulianza kumwagika. Niliinuka kuutoa, na nikiwa nimeshika sufuria hivyo, nikakumbuka mkokoteni ulikuwa wapi.

Unakumbuka nilifika pale mapema, nilikuwa nimetoka kuchota maji. Nilikuona umekaa ukingoni umeshika mkono, watu wamemzunguka Idrisa. Tulikuwa wanawake kama sita tulioanza kuokota viazi kwa sababu hatukuwa na kingine cha kufanya kwa mikono yetu. Sasa breki ya mkokoteni unaijua, ni kile kipande cha tairi kilichopigiliwa nyuma. Mwenye mkokoteni akinyanyua mikono ya mbele, nyuma inainama, tairi linasugua barabara. Mstari mweusi wa tairi la Idrisa ulikuwa pale, nimeuruka kwa miguu yangu. Ulitoka juu kabisa, mrefu, haukukatika hata mahali pamoja, ukaja mpaka kwenye mzizi wa mkaratusi, ukaishia hapo. Na vioo vya taa yako vilikuwa hapo hapo kwenye mzizi. Lakini mkokoteni haukuwa hapo, na haukuwa chini. Ulikuwa juu ya mzizi, umegeuka kichwa, umepita kile kibao cha mwelekeo wa zahanati, na pikipiki yako imejibana chini yake, gurudumu la nyuma liko hewani. Ndiyo maana wanaume walisumbuka kuushikilia usirudi nyuma, wakaweka mawe.

Viazi vilishuka kwa sababu viazi ni duara na mlima ni mlima. Hata ukikiweka kiazi taratibu pale barabarani kitakwenda mfereji wa kwa kina Stephano chenyewe. Lakini mkokoteni ulipanda. Wote tuliuona, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza. Tulikuwa tunatazama viazi.

Kwanza nilidhani nimekosea alama. Nikarudia. Nikapeleka kwa Mwalimu Aron bila kumtajia majina, nikasema ni ajali fulani ya njia ya Bumbuli. Aliipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, akasema hesabu haina kosa, kosa liko kwenye nilichopewa, kuna mtu amenipa mwendo usio wake. Akaniuliza umbali wa kutoka mzizi hadi kibao, akaniuliza ukali wa mlima. Akasema kanuni inashika pale pale vinapogongana, lakini baada ya hapo mlima unavuta kila kitu chini, kwa hiyo vitu vilivyonata vikapanda mpaka pale lazima vilianza kupanda kwa mita kama tatu kila sekunde, kwa kukadiria. Akaniachia chaki nimalizie.

Kaka, nikamalizia. Vyote pamoja kilo mia saba, mara tatu, elfu mbili na mia moja kupanda. Ilibidi wewe uifute kwanza ile mia tano ya Idrisa ndipo ibaki hiyo. Elfu mbili na mia sita, gawa kwa mia mbili. Mita kumi na tatu kwa sekunde. Ukiigeuza ni karibu kilomita hamsini kwa saa, kwenye kona ya mkaratusi, ambako sisi wa miguu tunapita tukisikiliza kwanza.

Nilijaribu kukutoa, usidhani sikujaribu. Nikasema basi labda breki za Idrisa kweli zilikatika, nimwongezee kasi yeye. Nikampa mita nne. Na hapo ndipo nilipokaa chini. Kila nilipomwongezea Idrisa kasi ya kushuka, hesabu ilikuongezea wewe ya kupanda, maana ili umshinde mwenye nguvu zaidi ilibidi uwe na nguvu zaidi bado. Kwa mita nne za Idrisa wewe ulitakiwa uwe umepita kilomita sabini, na pikipiki yako hata ikiwa tupu haiwezi kupanda kona ile kwa sabini, wewe mwenyewe huwa unaitukana. Kadiri tunavyomlaumu yeye ndivyo tunavyokulaumu wewe. Hakuna pa kutokea.

Nilikaa na jambo hili kimya. Nilimwosha Heri, nikapika, nikaenda shule, nikarudi, na kila nilipomtazama Baba akiandaa mambo ya Jumapili niliahirisha kusema. Alikwishamwambia Mama asisahau sukari, kwa sababu mtu akija kuomba radhi asirudi na kinywa kikavu. Na aliyepangiwa kupika chai hiyo ni mimi.

Juzi alikuja Mwanamisi, mke wa Idrisa. Alipita mlango wa nyuma, hakutaka kuonekana. Alimwamkia Mama, akakataa kukaa, akasema amekuja kuuliza Baba hupenda kusemeshwa vipi. Anataka mtu aseme kwa kifupi au aeleze? Ainamishe kichwa au amtazame? Maana Idrisa anahangaika, alisema, kila siku anajaribu maneno na kila siku yanamkwama, kwa sababu hakumbuki alichofanya, na anaogopa akisema amekosa bila kusema amekosaje, Mzee Tobia ataona anadharauliwa. Kisha akasema kama mtu anayesimulia habari ya jirani kwamba Idrisa alitaka kuuchoma moto mkokoteni, amesema hawezi kuishi na kitu kilichotaka kuua, na yeye Mwanamisi amefaulu kuficha magurudumu nyuma ya zizi. Mama alimjibu vizuri sana. Alimwambia Baba ni mtu mwepesi, amwambie Idrisa aseme tu yaliyo moyoni.

Mimi nilikuwa nimekaa pale ninamenya viazi. Nikakiweka kiazi chini kabla sijakimaliza.

Kaka, hapa ndipo nilipotaka ufike. Mwanamisi alipoondoka nilimfunga Heri mgongoni nikamfuata. Nilimkuta njiani, tukaenda wote mpaka kwake, na nimemwambia Idrisa. Nimemwambia yote. Sikuacha kitu wala sikupunguza, na jina lako nililitaja mimi mwenyewe kwa mdomo wangu.

Nilitegemea atakasirika. Nilijiandaa kutukanwa, na ningestahimili. Lakini hakuuliza habari yako hata kidogo. Aliniuliza habari ya ule mstari mweusi. Ulianzia wapi? Ulikatika? Nikamwambia haukukatika. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akatazama viganja vyake, halafu akasema, "Kwa hiyo breki zangu zilishika?"

Nikamwambia zilishika mpaka mwisho, na kama zisingeshika wewe usingekuwa hai.

Akamgeukia Mwanamisi, akamwambia zilishika. Mwanamisi alikuwa amesikia, amesimama pale pale, lakini alimwambia tena. Akamwita mama yake aliyekuwa anapepeta mahindi uani, akamwambia yeye pia. Mama yake hakuelewa ni nini kimeshika, akasema haya, mwanangu, alhamdulillahi. Ndipo wakacheka wote watatu, na mimi nikatoka nje kumnyonyesha Heri ingawa hakuwa na njaa. Nilipokuwa naondoka Idrisa aliniuliza kama mkono wako umepona.

Jana nilimwambia Baba. Nilimkuta anatengeneza mpini, nikamwambia, tate, naomba unisikilize mpaka mwisho. Alisikiliza. Aliniuliza kama injini haikuweza kuusukuma mkokoteni baada ya kugonga, swali la maana sana, hata Mwalimu aliliuliza, nikamwambia gurudumu la nyuma lilikuwa hewani, na gurudumu lisilogusa barabara halisukumi kitu. Akaniuliza kama kanuni ya wazee basi ni uongo. Nikamjibu si uongo, ila ilitungwa kwa anayepanda amechoka, na pikipiki haichoki. Akaniuliza kama nina hakika. Nilimwambia kwamba katika kasi naweza kukosea kidogo huku au kule, ila katika mwelekeo sikosei.

Aliweka mpini chini. Akasema, "Na mimi nilishajiandaa kusamehe." Akaenda shamba bila jembe.

Mama amenikasirikia. Amesema walinipeleka shule nikasome, si nikamshtaki ndugu yangu wa tumbo moja, tena aliyenibeba mgongoni mwa pikipiki yake. Tangu jana ananiuliza tu chumvi iko wapi. Simlaumu. Nimemwambia kwamba ningekuwa nimesoma ili nikae kimya, basi ningeweza kukaa kimya bila kusoma. Najua hilo lilimuuma. Nitamwomba radhi kwa jinsi nilivyolisema, ila lenyewe silirudishi.

Wewe sikuandikii kukuhukumu. Ulikuwa unakimbilia nini jioni ile, sijui na sikuulizi. Utakisema mwenyewe kwa anayestahili kukisikia. Ninajua uliogopa. Nimekuwa mama, nimejua mtu akiogopa anaweza kusema neno dogo la kujikinga, halafu neno lile watu wakalipokea, likajengewa kikao na hukumu, mpaka mwenyewe unashindwa kulivunja. Wema wako kwangu haujapungua hata punje, na mtu akikusema vibaya kijiweni atanisikia. Lakini siwezi kumwandalia chai mtu anayekuja kuomba radhi kwa kosa lako. Mkono wangu hautamimina.

Baba amekwenda kwa mwenyekiti Athumani leo asubuhi, peke yake. Amerudi na kusema hakuna anayekuja kwetu Jumapili. Sisi ndio tutakaokwenda kwa kina Idrisa, na mkeka utatandikwa kwao. Unaijua desturi, kaka, sina haja ya kukufundisha. Mkosaji ndiye hukaa kwenye mkeka. Asipokuwepo, baba yake hukaa badala yake.

Abubakari anarudi huku Jumamosi na lori tupu. Nimeshamwambia akuwekee nafasi mbele, kwa ajili ya mkono.

Alfajiri hii, kabla Baba hajaenda kwa mwenyekiti, nilitoka kuwasha moto nikamsikia zizini. Nilidhani anaongea na ng'ombe. Kumbe alikuwa anajaribu maneno. Anaanza vizuri, anasema, "Idrisa, mwanangu, nimekuja mbele yako na mbele ya wazee wako kwa ajili ya mtoto wangu," halafu anafika kwenye jina lako, ananyamaza. Anakohoa kidogo. Kisha anaanza upya.

Msalimie sana mjomba na wote wa nyumba hiyo. Mama hajaniambia nikusalimie, lakini amenipa hizi ndizi za kukaanga nizifunge pamoja na barua. Heri anakupa shikamoo, ingawa bado hajui kuisema.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Jenoveva Tobia